Mwanariadha wako amechoka? Apimwe damu kabla ya kuitwa mvivu

Kila mwaka inapokaribia michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, viwanja vya shule hujaa watoto. Wanaamka alfajiri kukimbia, wanarudi uwanjani jioni, na wanaochaguliwa kuingia kambini hufanya mazoezi mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa. Ni jambo jema. Mazoezi hujenga moyo, mifupa, misuli na hata akili ya mtoto, na hakuna neno katika makala haya linalokusudia kumwogopesha mzazi amzuie mwanawe kucheza.

Hata hivyo, walimu wa michezo wanaifahamu hali hii. Yupo mtoto aliyekuwa akiongoza mwanzoni mwa muhula, kisha taratibu anaanza kuachwa nyuma. Kilima alichokuwa akikipanda bila tabu sasa kinamkata pumzi. Miguu inakuwa mizito, anasinzia darasani, na muda wake wa mbio unazidi kuwa mbaya ingawa mazoezi yameongezeka. Hapo watu wazima hutoa jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni: "Umekuwa mvivu, ongeza bidii." La pili ni: "Ameishiwa damu, mnunulieni vidonge."

Majibu yote mawili hutolewa bila kipimo, na yote mawili yanaweza kumdhuru mtoto. La kwanza linamsukuma kukimbia zaidi wakati mwili wake hauna cha kukimbilia. La pili linamfanya ameze dawa ambayo pengine haihitaji, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. Msimamo wetu wiki hii ni kwamba mtoto mwanamichezo anayechoka kupita kawaida apimwe kwanza, na majibu yasomwe na mtu anayejua mazoezi hufanya nini kwenye damu. Ili ukubaliane nasi au utupinge, ni vizuri tuanze na damu yenyewe.

Kazi ya chuma mwilini

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za madini ya chuma, uzito usiofikia msumari mkubwa. Karibu theluthi mbili ya chuma hicho kimo ndani ya himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu hadi kwenye misuli. Chuma kingine kimo ndani ya misuli yenyewe, ambako husaidia kutengeneza nguvu. Kinachobaki ni akiba, inayohifadhiwa zaidi kwenye ini.

Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikizeeka, mwili huivunja, hasa kwenye bandama, na kukitoa chuma chake ili uboho wa mifupa ukitumie kutengeneza chembe mpya. Kila siku mwili huhitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kwa kazi hiyo, na karibu chote hutokana na chembe zilizokufa. Kutoka kwenye chakula mwili hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku.

Maana yake ni kwamba mwili unaishi kwa kurudia kutumia chuma kilekile, na mlango wa kuingizia kipya ni mwembamba. Mtu akipoteza chuma kidogo tu kila siku kuliko anachoingiza, hatagundua leo wala kesho. Atagundua baada ya miezi, akiba ikiisha.

Damu inayoonekana kupungua kumbe imeongezeka

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, hata baadhi ya wahudumu wa afya. Mtu anapoanza mazoezi ya kukimbia, kuogelea au kuendesha baiskeli kwa muda mrefu, mwili huongeza kwanza maji ya damu, yaani plazma. Ongezeko hilo huanza ndani ya siku chache na linaweza kufikia asilimia 10 hadi 20. Chembe nyekundu nazo huongezeka, lakini polepole, kwa wiki na miezi.

Tuseme mtu ana lita 4 za damu na himoglobini yake ni gramu 13 kwa kila desilita. Jumla ana gramu 520 za himoglobini. Anaanza mazoezi, plazma inaongezeka, na sasa ana lita 4.4 za damu. Himoglobini bado ni gramu 520 zilezile, hakupoteza hata tone. Lakini ukimpima leo utapata 11.8. Karatasi ya maabara itaandika kwamba damu imepungua.

Ni kama mchuzi ulioongezewa maji. Nyama iliyomo chunguni ni ileile, ila kila kijiko kinatoka na nyama kidogo. Tofauti ni kwamba kwa mwanamichezo maji hayo yana faida: damu inapita kwa urahisi, moyo unajaa vizuri kila unapopumzika kati ya mapigo, na mwili unapoa haraka kwa jasho. Mtoto wa namna hii hana dalili, anazidi kufanya vizuri, na akiba yake ya chuma ipo salama. Kumpa vidonge vya kuongeza damu ni kutibu karatasi ya maabara badala ya kumtibu mtoto.

Njia ambazo mazoezi yanapunguza chuma kweli

Pamoja na hayo, mazoezi makali yanaweza kumaliza akiba ya chuma. Njia zake zinajulikana.

Ya kwanza ni nyayo. Kila mguu unapopiga chini, baadhi ya chembe nyekundu zinazopita kwenye nyayo hupasuka. Mwaka 1881 daktari wa Kijerumani alieleza habari za askari aliyekuwa akikojoa mkojo mwekundu kila baada ya mwendo mrefu wa miguu, na tangu hapo jambo hilo limeonekana mara nyingi kwa wakimbiaji. Kwa kawaida kinachopotea ni kidogo, lakini mtoto anayekimbia kwenye lami au udongo mgumu akiwa na viatu vilivyokwisha soli hupoteza zaidi.

Ya pili ni utumbo. Wakati wa mbio ndefu, damu huhamia kwenye misuli na ngozi, na utumbo unabaki na kidogo. Ukuta wake unaweza kuchubuka na kuvuja damu isiyoonekana kwa macho. Hali inakuwa mbaya zaidi mwanamichezo anapomeza dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni au aspirini ili aweze kucheza. Mzazi, angalia begi la mwanao. Dawa hizo si za kumezwa kila siku kwa sababu ya misuli kuuma.

Ya tatu ni jasho na mkojo. Kiasi kinachotoka humo ni kidogo, ila kinajumlishwa na hayo mengine.

Ya nne ndiyo iliyochelewa kujulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanasayansi walitambua homoni inayotengenezwa na ini, iitwayo hepsidini. Hiyo ndiyo mlinzi wa geti la chuma. Ikipanda, geti linafungwa: utumbo haupitishi chuma kuingia kwenye damu. Mazoezi makali huleta mwilini hali inayofanana na ya uvimbe, na saa 3 hadi 6 baadaye hepsidini hupanda. Chuma kilichoko kwenye chakula kinacholiwa saa hizo hupita na kutoka kwa wingi. Mwanafunzi anayefanya mazoezi asubuhi na jioni anakuwa na saa chache ambazo geti liko wazi.

Kwa nini wasichana huathirika zaidi

Msichana mwanamichezo anakutana na haya yote, kisha ana mambo mengine matatu. Anakua, na mwili unaokua unahitaji damu zaidi. Ana hedhi. Na mara nyingi anakula kidogo kuliko anavyotumia.

Tupige hesabu ya hedhi, maana huzungumzwa kwa aibu mpaka inasahaulika. Kwa kawaida mwanamke hupoteza mililita 30 hadi 40 za damu kila mwezi. Kila mililita ina karibu nusu miligramu ya chuma. Kwa hiyo kila mwezi zinatoka miligramu 15 hadi 20 za chuma, wakati mlango wa kuingizia unapitisha miligramu 1 au 2 kwa siku. Wenye hedhi nzito, zaidi ya mililita 80, hupoteza mara mbili ya hapo au zaidi. Mama, dalili za hedhi nzito ni hizi: kubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, kutoa mabonge ya damu, kuchafua shuka usiku, au siku kuzidi 7. Msichana hawezi kujua kwamba hiyo si kawaida kama hakuna aliyemwambia kawaida ni ipi.

Lipo pia tatizo la upande mwingine. Baadhi ya wasichana wanaofanya mazoezi mengi na kula kidogo huacha kupata hedhi kabisa. Wapo makocha wanaoona hilo ni nafuu. Si nafuu hata kidogo. Ni ishara kwamba mwili umekosa nguvu ya kutosha na umeanza kufunga baadhi ya kazi zake, na mifupa nayo inadhoofika. Msichana aliyekosa hedhi kwa miezi 3, au aliyefika miaka 15 bila kuiona kabisa, anahitaji kuonana na daktari.

Wavulana nao wasisahauliwe. Kijana anayerefuka haraka, anayecheza mpira kila jioni na kula ugali kwa mchuzi mtupu, anaweza kumaliza akiba yake vilevile.

Si kila upungufu wa damu umeletwa na mbio

Hapa kwetu kuna hatari ya kulaumu mazoezi na kuacha ugonjwa. Malaria huvunja chembe nyekundu. Minyoo ya safura hunyonya damu kwenye utumbo, na humpata zaidi anayetembea peku kwenye udongo wenye kinyesi. Kichocho, ambacho kimeenea sana katika maeneo ya Kanda ya Ziwa na Zanzibar, huleta damu kwenye mkojo au choo. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wanauita sikoseli, unazo dalili zake na matibabu yake, na chuma si dawa yake.

Kwa hiyo mtoto mwenye damu pungufu aulizwe na kuchunguzwa kuhusu hayo yote. Mkojo mwekundu baada ya mbio usipuuzwe kwa kusema ni nyayo. Ukionekana mara moja na kuisha ndani ya siku moja au mbili, huenda ikawa hivyo. Lakini lazima apimwe mkojo, kwa sababu kichocho, ugonjwa wa figo na kuvunjika kwa misuli huonekana hivyohivyo.

Dalili za kuangalia

Kuna uchovu wa kawaida unaoisha mtoto akilala vizuri na kupumzika siku mbili. Uchovu wa kukosa chuma hauishi hivyo. Angalia pumzi kukatika kwa kazi ndogo, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma au kizunguzungu anaposimama, mikono na miguu kuwa baridi, nywele kukatika, kucha kuvunjika, viganja na ndani ya kope kupauka. Anaweza kuwa mwepesi wa hasira na kushindwa kutulia kwenye masomo.

Dalili moja huwashangaza wazazi: hamu ya kula vitu visivyo chakula, kama udongo, barafu au mchele mbichi. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Usimchape wala kumcheka. Mpeleke akapimwe, na udongo aachane nao, kwa sababu unaweza kuzuia chuma kufyonzwa na kumletea minyoo.

Kipimo gani, na lini

Kipimo kinachopatikana karibu kila kituo cha afya ni cha himoglobini, ambacho watu wamezoea kukiita wingi wa damu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, damu huhesabiwa kuwa pungufu ikiwa chini ya 11.5 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, chini ya 12 kwa wa miaka 12 hadi 14 na kwa wanawake wasio wajawazito, na chini ya 13 kwa wanaume kuanzia miaka 15. Wanaoishi kwenye miinuko kama Mbulu au Njombe huwa na himoglobini ya juu kidogo kwa sababu ya hewa nyepesi, hivyo majibu yao husahihishwa kulingana na mwinuko.

Lakini himoglobini peke yake haitoshi kwa mwanamichezo. Fikiria ghala na jiko. Mahindi yanapokwisha ghalani, jikoni bado kuna unga wa siku kadhaa na watu wanakula kama kawaida. Himoglobini ni jiko, na akiba ya chuma ni ghala. Akiba huisha kwanza, himoglobini hushuka mwishoni. Mtoto anaweza kuwa na damu 12.5, akaambiwa yuko salama, huku ghala likiwa tupu na misuli imeanza kuhisi.

Kipimo cha ghala kinaitwa feritini. Kwa mtu mwenye afya, Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba akiba imekwisha feritini ikiwa chini ya 15. Madaktari wengi wa michezo huanza kuchukua hatua ikiwa chini ya 30 au 35. Jihadhari na jambo moja: malaria, homa, maambukizi na hata mazoezi makali ya jana hupandisha feritini, hivyo ghala tupu linaweza kuonekana limejaa. Kwa hiyo mtoto apimwe asubuhi, akiwa hana homa, amepumzika mazoezi makali angalau siku moja, na amekunywa maji ya kutosha.

Najua feritini haipimwi kila mahali, na ina gharama. Kama haipatikani ulipo, himoglobini, kipimo cha malaria, choo na mkojo, pamoja na maswali ya kina kuhusu chakula, hedhi na mazoezi, vinaweza kumpa daktari mwelekeo mzuri. Muhimu ni kumwambia daktari kwamba mtoto ni mwanamichezo na anafanya mazoezi kiasi gani kwa wiki. Asipojua hilo, anaweza kuisoma plazma iliyoongezeka kama ugonjwa, au akamrudisha nyumbani mtoto mwenye ghala tupu.

Chakula kabla ya dawa

Kinywaji kuwa chekundu si ushahidi kwamba kina chuma. Wekundu wa rozela na wa bitiruti unatokana na rangi za mimea yenyewe. Vinywaji hivyo si vibaya, ila mzazi anayetumia fedha yake ya wiki kununua juisi nyekundu akiamini inaongeza damu, angefanya vizuri zaidi kununua dagaa.

Chuma kinachofyonzwa kwa urahisi kimo kwenye nyama, maini, kuku na samaki, wakiwemo dagaa wanaoliwa wazima. Chuma cha maharage, kunde, dengu, choroko, mchicha, matembele na kisamvu hufyonzwa kwa shida zaidi, lakini kuna namna ya kukisaidia. Kula pamoja na kitu chenye vitamini C: ndimu, chungwa, pera, embe, ubuyu au kachumbari ya nyanya na pilipili hoho. Loweka maharage kabla ya kupika na umwage maji hayo. Kipande kidogo cha nyama au kijiko cha dagaa kwenye sahani ya maharage kinasaidia hata chuma cha yale maharage kuingia.

Kinachoharibu ni chai na kahawa pamoja na mlo. Desturi yetu ya kushushia chakula kwa chai inafunga chuma kwenye utumbo. Chai isogezwe mbele saa moja au zaidi baada ya kula. Maziwa nayo yana faida zake, lakini yapewe wakati wake badala ya kunywewa juu ya mlo wenye chuma.

Kwa sababu ya mlinzi wa geti tuliyemzungumzia, saa ya kula nayo ina maana. Mlo mzuri wa asubuhi, kabla ya mazoezi au ndani ya nusu saa baada ya kumaliza, unapata geti likiwa bado wazi. Mtoto anayekimbia saa 12 asubuhi kisha akashinda na njaa hadi mchana amepoteza saa zake nzuri. Na asile kidogo ili "awe mwepesi". Hakuna chakula chenye chuma kitakachomsaidia kama jumla ya chakula haitoshi.

Vidonge si pipi

Kipimo kikionyesha upungufu wa kweli, vidonge vya chuma vinafanya kazi vizuri. Damu huanza kupanda ndani ya wiki chache, lakini ghala huchukua miezi 3 hivi kujaa, kwa hiyo mtoto asiache dawa mara tu anapojisikia vizuri. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Tumbo likisumbua, mwambie daktari badala ya kuacha kimyakimya. Tafiti zilizofanyika Uswisi kwa wanawake wenye upungufu wa chuma zimeonyesha kwamba kumeza siku moja na kuruka siku inayofuata huufanya mwili ufyonze sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge, kwa sababu geti linapata muda wa kufunguka. Muulize daktari kama utaratibu huo unamfaa mwanao.

Lakini kumpa mtoto chuma kwa kubahatisha kuna hatari, na ushahidi wake upo hapahapa kwetu. Utafiti mkubwa uliofanyika Pemba, Zanzibar, na kuchapishwa mwaka 2006, uliwapa watoto wadogo wa chini ya miaka 3 chuma na asidi ya foliki kila siku bila kuwapima kwanza. Waliopewa walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na utoaji wa dawa hizo ukasimamishwa. Katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na damu walionekana kunufaika. Mwanao wa sekondari si mtoto wa miaka 2, na hatari yake si ileile. Ila funzo linabaki: chuma kinamsaidia asiyenacho, na katika nchi yenye malaria hakitolewi kama pipi.

Vidonge hivyo vihifadhiwe mbali na wadogo zake. Vinafanana na peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi kwa mara moja anaweza kufa.

Kuhusu sindano na dripu za chuma, hizo ni tiba ya hospitali kwa sababu maalumu, si za kumfanya mtu akimbie haraka. Mwanariadha wa mashindano ajue pia kwamba kanuni za kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni haziruhusu dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12, isipokuwa katika matibabu halali ya hospitali au kwa kibali maalumu.

"Mbona wa zamani hawakupimwa?"

Wapo watakaosema: Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, nani alimpima feritini? Swali hilo ni la haki. Lakini tunayajua majina ya waliofika. Hatuyajui majina ya wasichana na wavulana walioachwa njiani wakiitwa wavivu, kwa sababu hakuna rekodi inayotunzwa ya mtoto aliyeacha kukimbia.

Tena siku hizi mtoto wa Dar es Salaam anaweza kuchukuliwa na kupelekwa kambini kwenye miinuko, Arusha au hata Iten nchini Kenya, ambako ni karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Huko mwili hutakiwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi, na chembe hizo hutengenezwa kwa chuma. Anayekwenda na ghala tupu huchoka, na faida aliyoifuata haipati.

Tunaziomba shule, vyama vya michezo na halmashauri mambo ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Kila mtoto apimwe damu, malaria, choo na mkojo kabla ya kambi, si baada ya kuanguka uwanjani. Kila timu yenye wasichana iwe na mwalimu wa kike wanayeweza kumweleza habari za hedhi bila kuchekwa. Chakula cha kambi kisiwe ugali na maharage siku zote bila tunda wala dagaa. Na mtoto anayeshuka kiwango kwa wiki mbili au tatu mfululizo apumzishwe na kupelekwa kituo cha afya kabla ya kuadhibiwa kwa mizunguko ya ziada.

Nawe mzazi, leo jioni muulize mwanao maswali machache. Muda wako wa mbio unapanda au unashuka? Unapumua vizuri ukipanda ngazi? Unakula nini kabla na baada ya mazoezi? Kuna dawa unameza? Na kama ni binti, hedhi yako ikoje? Majibu yakikutia shaka, andika kwenye karatasi anafanya mazoezi siku ngapi na kwa saa ngapi, mpumzishe kesho, na keshokutwa asubuhi mfuatane hadi kituo cha afya mkiwa na karatasi hiyo mkononi.